Marehemu Mizani na Vidonge vya Jumapili

Ndugu waombolezaji, historia hii ilikuwa isomwe na mwanawe wa kwanza, lakini marehemu mwenyewe aliagiza niisome mimi, kaka yake, na akaagiza pia kwamba lile jambo nililolisema juu ya mkwe wake, mke wa mwanawe huyo, nisiliruke. Nina miaka themanini na minne na sauti imechoka, kwa hiyo mtanivumilia.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mizani, alizaliwa Jumanne tarehe 4 Machi 1947, saa tisa alasiri, mtoto wa pili na wa mwisho wa baba mwashi na mama mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alianza shule Januari 1955, akamaliza darasa la nane mwaka 1962, akiwa wa tatu katika hesabu na wa mwisho katika kuimba, na tarehe 1 Julai 1964 akaajiriwa idara ya vipimo, ambako alifanya kazi miaka thelathini na minane hadi kustaafu tarehe 30 Juni 2002, akizunguka madukani, maghalani na mabuchani na sanduku lake la mawe ya shaba, akiyashika kwa kibano ili jasho la vidole lisiongeze uzito. Hakuwa mtu wa kubembelezwa, na alipotokea kona ya mtaa wauza nyama waliambizana, “Toeni vidole kwenye sahani, Mizani huyo!”, naye alicheka nao, kisha akapima.

Tarehe 11 Desemba 1976 alimwoa mshonaji wa sare za shule, mwanamke wa maneno machache, wakapata watoto wawili, wa kiume ambaye ni dereva wa malori ya masafa marefu, na wa kike ambaye ni karani wa posta. Mkewe alitutoka tarehe 9 Agosti 2015, na tangu siku hiyo aliyemtunza marehemu ni mkwe wake.

Nasema kumtunza kwa sababu alikuwa mgonjwa tayari. Mwaka 2010, akisafisha nyumbani mawe yake ya zamani, jiwe la gramu kumi lilimponyoka kwenye kibano mara tatu asubuhi moja, na tarehe 17 Juni 2011 daktari akamwambia kwamba ana ugonjwa wa Pakinsoni, ambao hupunguza katika ubongo kile kinachouamuru mwili kwenda, akamwandikia vidonge vya saa moja asubuhi, saa tano, saa tisa na saa moja jioni, ambavyo baada ya msiba wa mkewe mkwe wake aliviweka katika bati la biskuti na kumpa kwa saa, bila kukosa.

Mimi nilikuwa nikimtembelea kila Jumapili saa nne asubuhi, na kuanzia mwaka 2019 nilimkuta kila mara amesimama langoni, miguu imeganda, mkono ukitetemeka hadi vifungo vya koti vikagonga chuma cha lango. Nikaamua kwamba dawa hazimfikii. Nilifundishwa shuleni kutosema neno bila ushahidi, lakini Jumapili tarehe 6 Machi 2022, mbele ya watoto wake wote wawili na majirani wawili, nilisema kwamba mkwe huyu anamkatia mgonjwa vidonge nusu nusu. Mkwe hakubishana, aliliweka bati mapajani pangu, akasema, “Haya Baba Mkubwa, mpe wewe,” akarudi kufua.

Bati nikampa binti yake, na Jumapili tatu zilizofuata mambo yakawa yale yale, hadi ile ya tatu binti akaniambia, “Baba Mkubwa, Jumatatu mpaka Jumamosi baba anatembea hadi kwa kinyozi na kurudi. Anaganda ukija wewe tu.”

Tarehe 31 Machi tulikwenda kwa daktari, akauliza Jumapili kuna nini, na ndipo nikajua kwamba mdogo wangu kila Jumapili aliamka saa kumi na moja alfajiri, akahangaika kuoga, kunyoa, kufunga tai na viatu vya kamba, kisha akashuka ngazi kumi na tisa kwa haraka anipokee langoni, kwa kuwa baba yetu alitufundisha kwamba mdogo hamsubiri mkubwa akiwa ameketi. Daktari alieleza kwamba wasiwasi hulichochea tetemeko hata dawa ikiwa mwilini, na kwamba mbio na uchovu wa namna ile huweza kuifanya nguvu ya kidonge ionekane kwisha mapema, ingawa kidonge ni kile kile na hakuna aliyekipunguza. Hakumkataza kutembea, alimtaka atembee kila siku, ila wakati dawa imeshika na bila haraka. Tukiwa njiani kurudi marehemu alinigusa bega akasema, “Usijali Kaka, hata dawa zinakuogopa.”

Tangu hapo nilipita mlango wa jikoni, siku yoyote, bila kutangaza, nikamkuta ameketi na kandambili zake, na mara nyingi aliinuka mwenyewe kunimiminia chai. Lakini nilibadili mlango, neno sikulibadili, kwa miaka miwili na miezi mitano.

Tarehe 2 Septemba 2024 alilazwa hospitali kuu kwa nimonia, kwa kuwa kumeza kulikuwa kumeshamshinda na chakula kiliingia mapafuni, na Jumapili tarehe 8 nilimwambia kwamba nitazungumza na mkwe wake jikoni, akanong'ona, “Kaka, ulilisema mbele za watu. Hilo halifutwi jikoni.” Alifariki Alhamisi tarehe 12, saa nne na dakika kumi asubuhi.

Basi, mbele za watu, nasema kwamba mkwe huyu alimtunza ndugu yangu miaka tisa na mwezi mmoja, hakukata kidonge hata kimoja, na neno nililosema siku ile lilikuwa la uongo, na mwongo ni mimi. Mwanangu, nisamehe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, majirani waliombeba kwenye ngazi, wastaafu wenzake wa idara ya vipimo, na wauza nyama, ambao leo wamefunga maduka.

Na wewe, mdogo wangu, nimefika, lakini usiinuke. Pumzika kwa amani.