Damu ya Odeta kwa Jina la Masele

Kijiwe cha Mkuyuni kina benchi moja tu, tena mguu wake mmoja umeegeshwa kwenye tofali, lakini ukikaa pale asubuhi utatibiwa, utaozwa na kuzikwa kabla kahawa haijapoa. Masele, fundi baiskeli, alikuwa katikati, kikombe mkononi, hanywi. Alikuwa na kansa ya njia ya chakula. Hata kahawa ilimpita kwa kubembelezwa. Jumatatu angepasuliwa. Daktari alitaka damu ipimwe kwanza, maana damu ndiyo humwonyesha nani atahimili kisu na nani hatahimili. Majibu yalikuwa yametoka safi, safi mno. Tatizo ni kwamba damu yenyewe ilikuwa ya Odeta.

Odeta, mbeba sangara kiwandani, wenzake humwita Winchi. Maabara walipoita "Masele!", yeye ndiye aliyeitika na kukunja mkono wa shati.

— Protini imejaa, chembe nyeupe zimejipanga! Hii damu ya kuoa kabisa! alisoma Chenge, aitwaye Gazeti kwa kuwa husoma magazeti mapya yote bila kununua hata moja.

— Nilianza na supu ya kongoro, Odeta akasema kwa unyenyekevu. — Halafu yule nesi akanichoma mara mbili.

— Si unaona? Chenge akasema. — Mchovya asali hachovyi mara moja!

Masele akacheka, kifua kikamuuma. Jamani, aliwapenda watu hawa! Damu yake mwenyewe ilipopimwa mwezi uliopita, daktari alitikisa kichwa, akaahirisha, akamwambia akanywe uji na maziwa kwanza. Masele alikuja akalia hapa hapa bila kuficha, ndipo Winchi akajitolea.

— Lakini mgonjwa ni mimi, alisema taratibu.

— Tulia, ng'wanawane, mwanangu, Chenge akamjibu. — Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Daktari akiona karatasi nzuri mkono hautetemeki, akadakia Nathaniel, muuza kahawa, akigonganisha vikombe. — Kisu hufuata karatasi.

— Na mwili nao una aibu zake, Chenge akaongeza. — Ukisikia umeandikwa mzima, utajikaza usiumbuke!

— Mimi naona jina lake limeshapona, Odeta akasema. — Umebaki mwili kupewa taarifa.

— Soko huria hili! Chenge akapiga goti. — Watu wanavaa mashati ya marehemu wa Ulaya na wanapendeza. Damu itashindwaje?

Hapo akafika Evelina, mke wa Masele, na chupa ya chai iliyojaa uji. Aliichukua karatasi, akaisoma, uso ukamng'aa.

— Imepanda! Kumbe uji umefanya kazi, Baba Rose?

Odeta alificha mkono nyuma, lakini kipande cha pamba kilikuwa bado kimebandikwa pale sindano ilipopita. Evelina akautazama mkono ule, kisha akaufunua wa mumewe. Haukuwa na alama yoyote.

— Shemeji Odeta, aliuliza kwa sauti ya chini. — Jumatatu, Baba Rose akiwa amelazwa mezani, hii damu yako itakuwa wapi?

Chenge mwenye methali ya kila jambo akakunja gazeti. Nathaniel akasahau kumimina.

Masele akauomba uji. Funda la kwanza lilikwama, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. La pili likapita.

— Twende tukamwambie daktari, akasema. — Aniahirishe tena, hata mara tatu. Mimi nataka kuamka.