Roselida Mukhwana Opolot, Wakili wa Serikali Aliyepeleka Ripoti Mahakamani

Wakili Roselida Mukhwana Opolot alizaliwa Alhamisi, tarehe 14 Machi 1968, Khunyangu, Butula. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya saba wa marehemu Mzee Protus Mukhwana, fundi cherehani, na Mama Fulgensia Nasimiyu, ambaye yuko nasi hapa leo. Alikuwa mtoto mtulivu, lakini si mpole. Kaka yake Robinson anakumbuka kwamba ukimchokoza hakupigana. Aliketi akakuuliza maswali mpaka ukachoka, ukaenda zako.

Alisoma shule ya msingi papo hapo Khunyangu, akaenda sekondari ya bweni Mumias, na mwaka 1988 akajiunga na Chuo Kikuu cha Nairobi kusomea sheria. Baba yake alimshonea suti ya kijivu ya kwenda nayo, mikono yake mirefu kupita kiasi, akidai kwamba binti bado anakua. Binti alikuwa na miaka ishirini. Aliivaa hivyo hivyo, mikono ameikunja, mpaka alipohitimu mwaka 1992. Aliapishwa kuwa wakili mwaka 1994, na mwaka uliofuata akaajiriwa kama wakili wa serikali.

Mwaka huo huo wa 1995, akirudi kutoka Kampala na sanduku la vitabu, alikutana pale mpakani Malaba na Matthew Opolot, karani wa kampuni ya kupitisha mizigo.

"Dada, tuandike ni vya kanisa," Matthew alimshauri. "Utapita haraka."

"Si vya kanisa. Andika ni vya sheria."

Walimngoja afisa wa forodha mpaka saa tisa alasiri, na kufikia hapo Matthew alikuwa amemnunulia chai mara mbili. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 14 Desemba 1996, wakajenga hapa Malaba, na Mungu akawajalia watoto wawili, Vivianne na Ongodia.

Mwaka 2012 alipandishwa cheo kuwa wakili mwandamizi, akasimamia madai yaliyofunguliwa dhidi ya serikali katika kaunti yetu na kaunti jirani. Miongoni mwake zilikuwa kesi za wazazi waliodai fidia kwa sababu watoto wao waliumia baada ya kuchanjwa. Nyingi alizishinda, kwa kuwa madaktari walionyesha kwamba ugonjwa ulitoka kwingine. Hakusherehekea hata moja.

Kisa kinachofuata yeye mwenyewe aliagiza kisomwe, na kisomwe chote.

Mwaka 2017 mama mmoja wa Rukala, Sheilah Akumu, alisimama kizimbani Busia kutoa ushahidi. Mtoto wake Winny alichanjwa akiwa na mwaka mmoja na nusu, na tangu siku hiyo mguu wa kushoto ukawa hauna nguvu. Roselida alimhoji kwa niaba ya serikali. Katikati ya maswali akamuuliza, "Mama, wewe umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La nne," Sheilah akajibu. "Lakini mguu wa mtoto wangu naujua."

Roselida akasema hana swali lingine. Siku hiyo alifika nyumbani, akakaa kwenye gari uani hata baada ya kuzima injini. Matthew alipomfuata, alimwambia, "Leo nimemwaibisha mtu, na nilijua ninachofanya."

Wiki tatu baadaye alipokea bahasha iliyokuwa imekaa kwenye faili nyingine. Ndani mlikuwa na ripoti ya madaktari waliompima Winny. Chanjo yenyewe ilikuwa nzima, walisema, lakini sindano ilichomwa mahali pasipofaa, ikajeruhi neva. Roselida aliipeleka kwa mkuu wake.

"Hawajaiomba," mkuu akasema.

"Hawajui kama iko, mzee. Wataiomba aje?"

"Roselida, kazi yako ni kuitetea serikali."

"Na yule mtoto ni wa serikali gani?"

Aliandika barua ya kurasa mbili: ama ripoti ipelekwe mahakamani na familia ilipwe, ama yeye ajiondoe kwenye kesi na aeleze sababu. Alingoja siku kumi na tisa. Ripoti ilikubaliwa kwenda, naye akaondolewa kwenye kesi na kupewa kazi ya kukagua mikataba ya kukodi majengo. Aliifanya miaka miwili. Tulimsikia akilalamika mara moja tu, kwamba dirisha la chumba kile halifunguki.

Hukumu ilitolewa Machi 2019. Winny alipata matibabu, kifaa cha kumsaidia kutembea, na karo. Roselida hakuwepo mahakamani. Mwezi uliofuata alikwenda Rukala, akiwa peke yake, kumwomba Sheilah msamaha kwa lile swali.

"Liliniuma sana," Sheilah alimwambia. "Hata sasa linauma. Lakini ingia, wakili, usisimame juani."

Alirudi pale mara nyingi. Tangu mwaka 2020 alikuwa kwenye kamati iliyoandaa utaratibu wa kuzisikiliza familia za namna hiyo bila kuzizungusha mahakamani miaka na miaka, na alizunguka Budalang'i akiongea na akina mama. Aliwaambia, "Pelekeni watoto wachanjwe. Mimi wangu walichanjwa wote. Lakini mmoja akiumia, tusimwambie anadanganya."

Oktoba 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya matiti, akatibiwa Eldoret. Aliendelea na kazi mpaka Februari mwaka huu. Mwezi Juni, ingawa alikuwa hawezi kutembea mbali, alisisitiza kumpeleka mjukuu wake kliniki pamoja na Vivianne. Alimpakata mwenyewe. Muuguzi alipoinua sindano, Roselida akauliza, "Sista, unachoma wapi?" Muuguzi akamwonyesha kwa kidole. "Haya, endelea," akasema, akamfunika mtoto macho kwa kiganja chake.

Aliaga dunia Jumatano, tarehe 6 Agosti 2025, saa nne asubuhi, nyumbani hapa Malaba, mkono wake ukiwa ndani ya mikono ya Matthew. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na saba.

Ameacha mume wake, Matthew Opolot. Watoto wake, Vivianne na Ongodia. Mjukuu mmoja, ambaye wiki iliyopita alianza kutambaa. Mama yake mzazi, Mama Fulgensia. Ndugu zake sita. Na mawakili wengi vijana aliowafundisha kusoma faili mpaka ukurasa wa mwisho.

Roselida, umefanya kazi, na imetosha. Mungu akupokee, upumzike.