Dada na Kituo cha Tatu Kilichoachwa Wazi

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Juni 1964, mtoto wa pili kati ya wanne wa fundi cherehani na mkunga. Mama alisimulia kwamba alianza kutembea akiwa na miezi tisa, na tangu hapo hakukuwa na mlango uliomzuia. Mimi ninayesoma haya ni kitinda mimba. Kuna jambo lililoandikwa vibaya juu yake, na leo nitalinyoosha.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1977 na sekondari mwaka 1981, kisha akaingia chuo cha ufundi, msichana pekee katika darasa la mitambo. Mwalimu alimshauri ahamie mapishi. Alikataa katakata, akamaliza wa kwanza. Mwaka 1984 aliajiriwa idara ya maji kuwa fundi wa pampu, na huko alistaafu mwaka 2019.

Tarehe 6 Agosti 1988 alifunga ndoa na dereva wa idara hiyohiyo, wakajaliwa binti na mwana.

Uamuzi wa besiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo na kukimbia kuzunguka vituo vinne, aliuanza mwaka 1992, akanivuta na mimi. Ligi yetu ina waamuzi wawili kwa mechi na vituo vinne vya kulinda, kwa hiyo kila mmoja lazima ajue mwenzake yuko wapi. Mmoja husimama kituo cha nyumbani, nyuma ya mdakaji. Mwingine huwa uwanjani. Mkimbiaji akitoka cha kwanza kuelekea cha tatu, mwamuzi wa nyumbani huacha nafasi yake, hukimbilia huko na kupaza sauti: "Naenda cha tatu!" Mwenzake hubaki na aliyepiga mpira. Dada alitufundisha hayo mezani kwa vikombe vinne na vizibo vya chupa. Hakuna aliyekunywa kabla ya kujibu nani anakwenda wapi. Shemeji alilalamika, "Jamani, mimi si mwamuzi, nipeni chai yangu." Naye aliulizwa.

Jumapili, tarehe 14 Septemba 2003, tulichezesha fainali. Mimi nilikuwa kituo cha nyumbani, yeye uwanjani. Mpira ulipigwa mbali upande wa kulia, mkimbiaji wa kituo cha kwanza akachomoka. Nikaduwaa nikiutazama mpira. Sikukimbia, sikusema neno. Dada aligeuka akakuta cha tatu hakina mtu, na kutoka hatua thelathini, katikati ya vumbi, ikambidi aamue. Akasema auti, yaani mkimbiaji ametolewa. Picha zilionyesha kwamba yule kijana alikuwa amefika salama. Timu yake ikakosa kombe.

Kamati ya ligi iliuliza kituo kile kilikuwa cha nani. Dada akasema, "Nilimwambia abaki. Cha tatu nilisema nakichukua mimi." Siku ile uwanjani hakuniambia hivyo. Ndio uongo pekee niliowahi kuusikia kinywani mwake, nami nilikaa kimya kama maji mtungini. Alifungiwa misimu miwili. Kila Jumamosi ya misimu hiyo alinipeleka kwenye uwanja wa shule, akanikimbiza kutoka kituo cha nyumbani hadi cha tatu mpaka miguu ikawaka moto. "Tena," alisema. "Na sauti! Mimi sisomi mawazo yako." Mwaka 2006 alirudi kupitia mtihani uleule wa wanaoanza, tukachezesha pamoja miaka kumi na sita bila kituo kuachwa wazi. Hata hivyo, kosa lilibaki kwa jina lake.

Mwaka 2023 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Alipambana nayo bila kulegea. Nilipomwambia wodini kwamba nataka kusema ukweli, alinikatiza: "We mtoto, niache nife kwanza. Sina nguvu za kujibu maswali ya kamati." Alifariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 4 Machi 2025, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto wawili, mjukuu mmoja, kaka, dada, na mimi.

Jana niliipelekea kamati barua, nikiomba jina lake liondolewe kwenye kosa lile na langu liwekwe. Mwenyekiti aliniuliza kama najua kwamba naweza kufungiwa maisha. Nikamwambia aandike. Yule mkimbiaji yuko hapa, amekaa mstari wa nne. Ndugu yangu, nakuomba radhi mbele ya watu wote. Dada hakukukosea; niliyekukosea ni mimi.

Dada, nimesema. Pumzika kwa amani.