Dorika Chilumba na Ndoo za Majirani wa Kitangari, 1961–2025

Ndugu waombolezaji, dada yetu Dorika Godwin Chilumba alizaliwa Chilangala tarehe 4 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa Mzee Godwin na Mama Dorika. Mimi Optatus, ninayesoma, ndiye kitinda mimba wao.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Chilangala, 1969 hadi 1975. Alifaulu, lakini nafasi ya sekondari hakuipata. Jambo hilo lilimuuma hadi uzeeni, wala hakulificha.

Mwaka 1983 aliajiriwa kuwa mhudumu wa zahanati, kazi aliyoifanya miaka thelathini na tatu. Mwaka 1984 alifunga ndoa na Selestini Nanguka wa Kitangari, aliyemtangulia mwaka 2009.

Alipostaafu alianzisha kikundi cha kuwachotea maji wazee na wagonjwa. Sharti lilikuwa moja: ukitoka bombani ukaona mlango bado umefungwa, bisha hodi. Mwaka 2022 chuo kimoja cha Masasi kiliomba wanafunzi wake waliokuwa mafunzoni hapa Kitangari wajitolee pamoja nasi. Dada alifurahi mno. Mwanafunzi mmoja alimwaga nusu ya ndoo njiani, akasimama na aibu yake. Dada akamwambia, “Lete hiyo nusu, mwanangu. Mgonjwa ana kiu, hana habari na aibu yako.”

Chuo kilituletea ratiba nzuri ya zamu, tukaibandika ukutani. Hapo ndipo tulipokosea. Likizo ya 2024 wanafunzi walienda makwao, na Bibi Mwanaisha, mmoja wa wazee wetu, akakaa siku mbili bila maji, sisi majirani tukipita mlangoni pake kwa kuwa karatasi ilisema si zamu yetu. Dada alipanda basi hadi Masasi, kwenye kikao cha walimu wa chuo. Alisema, “Hamjambo, walimu. Karatasi yenu nzuri, ila imetufundisha kupita bila kubisha hodi.” Walimu walimsikiliza. Tangu hapo kila mwanafunzi alitembea na jirani.

Dada alisumbuliwa na presha kwa muda mrefu. Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, nilipita kwake asubuhi nikiwahi kuuza korosho. Mlango ulikuwa umefungwa. Nilijiambia wanafunzi watakuja. Saa saba mchana mwanafunzi Somoe, aliyekuwa akitembea na Dada kwenye zamu, alibisha hodi, akasukuma mlango, akamkuta sakafuni, amepigwa na kiharusi. Alifariki hospitalini Alhamisi, tarehe 13, akiwa na miaka sitini na minne. Daktari hakusema kama saa zile zingemwokoa. Mimi sikuthubutu kumuuliza.

Ameacha watoto wawili, Flora na Godwin, wajukuu watano, mdogo wake mimi, na wazee wanane ambao kesho asubuhi watahitaji maji. Walimu wa chuo wako hapa, wananiuliza nani ataongoza kikundi. Sijui. Najua tu kwamba kesho nitachota ndoo ya kwanza.

Dada, nisamehe. Mungu akupe pumziko lenye amani.