Maji ya Tumbaku

Itto, funga mlango, kuku watasubiri. Na wewe Haddou, acha kusimama kama mgeni, kaa hapa miguuni pangu nikuone, maana sauti yangu inaisha na nitakayoyasema sitaweza kuyarudia. Sikilizeni, wanangu.

Nyumba na mizeituni, Mungu kashaigawa mirathi yake, mimi siongezi wala sipunguzi. Moha wa tanuri la hamamu ameninunia miaka yote hii kwa kuwa nilikataa jivu lake. Mwombeni radhi kwa niaba yangu, lakini jivu lenyewe msilichukue, kwani siku hizi anachoma mbao za rangi na soli za viatu, na uchafu ule hauwi mbolea kwa kuitwa jivu.

Kilichonitoa usingizini asubuhi ni nyinyi. Nimewasikia dirishani mkibishana juu ya vidukari waliojaa kwenye maharage yetu ya baghala. Haddou ukasema, "Dada, nawe umezidi! Hii si dawa ya dukani, ni tumbaku niliyoiloweka, kitu cha asili kabisa, hata yule jamaa wa kwenye simu anaitumia." Na wewe Itto, kwa ulimi wako huo, ukamjibu, "Kama ni ya asili, haya, piga funda moja tukuone." Mkanyamaza ghafla wote wawili, na mimi humu ndani nikauma shuka nisilie.

Mnajua kwa nini mlinyamaza. Dada yenu Izza hamkumwona, alitangulia kabla yenu, hajang'oka hata jino la kwanza. Mama yenu Tuda alichukua ugoro wa babu yenu, akauloweka kama walivyofanya wanawake wote wa mtaa huu, akautia katika chupa ya soda na kuiweka kivulini chini ya mtini. Jua lilikuwa kali na mtoto ana kiu. Alitapika, akatetemeka, na adhana ya alasiri ilimkuta keshafunikwa. Hakuna aliyemlaumu mama yenu, na hilo ndilo lililommaliza. Tangu siku ile alikuwa akikohoa kidogo kabla ya kuingia kwenye mistari ya baghala, asije akamshtua mtoto. Nami nilimwacha akohoe, kwa sababu mimi pia nilikuwa nasikia majani yakitikisika pasipo upepo. Naogopa, wanangu, sitawaficha. Ninakokwenda siogopi, naogopa chupa ile ya Haddou iliyoko kibarazani.

Haddou, usiinamishe kichwa, sikukaripii. Neno asili wasikuuzie. Ukiletewa kitu, uliza kimetoka wapi, kitamfanya nini nyuki, kitamfanya nini mtoto akikilamba. Samadi muulize mwenye ng'ombe majani aliyowalisha yalipigwa dawa gani, na akibabaika, mwachie samadi yake. Baghala ikishatoa maua, kata vile vilele laini, ndivyo vidukari wanavyovipenda; waliobaki wapige kwa maji, wakizidi weka sabuni nyeusi kidogo sana. Vile vidudu vyekundu vya madoa msiviue, vina kazi yao. Na mwaka ambao wadudu watawashinda, basi supu yetu ya bisara kuleni nyepesi, hakuna aliyekufa kwa hiyo.

Chupa ile usiimwage mferejini, walio chini yetu wanakunywa. Ifunge, uandike sumu, uwapelekee watu wa kilimo wanaokusanya dawa mbovu. Leo, si kesho.

Nipe maji, Itto... tosha.

Kuitunza bustani nakukabidhi wewe, Haddou. Itto usinung'unike, wewe unajua kukataa tangu utotoni, hukunihitaji. Huyu ndiye aliyeloweka tumbaku kwa mikono yake, na leo mikono hiyo nimeiona ikitetemeka. Nataka mtu anayetetemeka ashike bustani yangu. Mkeo naye anakaribia kujifungua.

Nizikeni kando ya Tuda, msichelewe... Mnasikia? Huyo anakohoa. Mwacheni apite.

Njooni karibu. Mungu awaridhie kama nilivyowaridhia. Mungu aiweke bustani hii... mtoto yeyote atakayeingia, wenu au wa jirani, ale chochote ambacho mkono wake... utafikia... na asiwepo mtu wa kumkimbilia kumpokonya.