Nyumba Ambayo Elijah Makokha Alikataa Kuinunua

Wapendwa wazee, akina mama na vijana mliokusanyika hapa makaburini Nakuru, majirani wa Mtaa wa Mawe, na ninyi wafanyakazi wa ghala la mahindi mliotoka kazini kwa ruhusa, haya ndiyo maisha ya ndugu yetu Elijah Makokha, yaliyoandikwa na familia yake na kusomwa na Wamalwa, kaka yake mkubwa, na yakiwachoma baadhi yenu, mjue kwamba sisi yalituchoma kwanza.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1921 kule Kimilili, akiwa kitinda mimba wa mzee Wanyonyi na mama Nabwile, na tangu utotoni alikuwa na kichwa kigumu, akishasema neno ndilo hilo, hata umchape, na nyumbani tulimtania kwamba atakuja kuoa mawe.

Alisoma katika shule ya misheni kuanzia mwaka 1931 hadi 1935, akafika darasa la nne, baba akafariki, na masomo yakakomea hapo. Mwaka 1938 alikuja huku Bonde la Ufa kuchuma pareto katika shamba la mzungu karibu na Njoro, na mwezi wa Juni 1943 akaandikwa kazi mjini Nakuru kama mpakiaji wa magunia katika ghala la mahindi, kazi aliyoifanya miaka yake yote iliyobaki, akapandishwa kuwa nyapara mwaka 1950, akivuta vumbi la nafaka asubuhi mpaka jioni pamoja na wale aliowasimamia.

Tarehe 14 Desemba 1946 alifunga ndoa kanisani na Truphosa Naliaka, ila bibi harusi alibaki Kimilili, kwa sababu wapakiaji walipewa kitanda tu katika chumba cha wanaume, kana kwamba hao wanaume hawakuwa na wake wala hawakukusudia kupata watoto. Mungu aliwajalia Nasimiyu, aliyezaliwa Januari 1949, Wekesa, aliyezaliwa Agosti 1952, na Nekesa, aliyezaliwa Septemba 1956.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wengi wenu mmekuwa mkilinong'ona tangu juzi, maana ni afadhali lisemwe hapa na wenye msiba. Mwaka 1951 serikali ilitoa mkopo wa kujenga nyumba za Waafrika katika Mtaa wa Mawe, vyumba viwili na jiko, na kodi yake ikawekwa ndogo, ya kurudisha gharama tu, na mtu mwenye kazi ya kudumu aliruhusiwa kutia sahihi ya ununuzi, ili kodi yake ya kila mwezi iwe inainunua nyumba pole pole mpaka iwe mali yake. Tofauti ni hii, na tunaomba muishike: mnunuzi akifa, mjane na watoto huendelea kulipa na kukaa, lakini mpangaji akifa, nyumba hurudi serikalini.

Mmoja wa wanunuzi wa kwanza alikuwa fundi cherehani, bwana Gachanja, aliyesimama pale nyuma na kofia yake mkononi, na yeye ndiye aliyempangisha Makokha chumba kimoja, ndipo Truphosa akaja mjini na kukaa na mumewe kwa mara ya kwanza. Wake wawili walipikia jiko moja, Truphosa na Mugure, mke wa Gachanja, na Nasimiyu alibebwa zaidi mgongoni mwa Mugure kuliko mwa mama yake, hata akaanza kuita vyakula kwa Kikuyu, jambo lililomchekesha sana baba yake.

Asubuhi moja ya Aprili 1954, wakati wa Hali ya Hatari, askari walikuja na malori wakawatoa Wakikuyu mtaani, Gachanja akapelekwa kizuizini, Mugure na watoto wakapelekwa rizavu, eneo lililotengwa kwa Wakikuyu, na mzigo wa kichwani tu. Mugure alipokuwa akipandishwa lorini aligeuka akasema, "Makokha, utuangalilie nyumba," na Makokha akajibu, "Nitaiangalia, mama."

Hayo ndiyo maneno yote waliyoambiana, na kwayo ndugu yetu alifunga maisha yake na ya watu wake.

Baada ya mwezi mmoja ofisi ya nyumba ilimwita, ikamwambia nyumba iko wazi, yeye ana kazi ya kudumu, atie sahihi ainunue, na wengine walioitwa siku hiyo walitia sahihi bila kuulizana, na hatutawataja, kwa maana mko hapa na mmeleta rambirambi. Makokha alikataa, akakubali kuwa mpangaji tu, akakiweka cherehani cha Gachanja juu ya sanduku na kukifunika kwa gunia safi, na watu wakamwita mjinga mbele yake na nyuma yake. Truphosa alimsihi, na alipozaliwa Nekesa alimsihi kwa machozi, akamwuliza watoto watakwenda wapi yeye akianguka huko ghalani, naye alimjibu kwamba hawezi kuandika jina lake juu ya jina la mtu aliye hai. Hata sisi ndugu zake tulipanda treni tukaja kumshauri, tukala ugali wake, tukarudi Kimilili tumeshindwa.

Mwezi wa Mei mwaka huu wa 1959 Gachanja aliachiliwa, akapata kibali cha kurudi mjini, akaja mpaka mlangoni akabisha hodi katika nyumba yake mwenyewe, amekonda hata Truphosa hakumtambua. Makokha alimkalisha, akamfunulia cherehani chake, na kesho yake wakaenda pamoja ofisini, Makokha amevaa koti lake la kanisani, akasema, "Huyu ndiye mwenye nyumba, mimi nilikuwa naichunga tu."

Afisa alimjibu kwa mdomo wa karani wake kwamba sahihi ya Gachanja ilifutwa siku ile alipopandishwa lori, na kwamba ununuzi katika Mtaa wa Mawe ulifungwa mwaka 1957, serikali ilipoacha kukopesha. Kisha karani, ambaye ni kijana mwenye huruma, akaongeza jambo ambalo laiti angelimeza: kwamba kama Makokha angetia sahihi mwaka ule wa 1954, nyumba ingekuwa mkononi mwake, na leo angeweza kuihamisha kwa yeyote anayemtaka, hata kwa Gachanja.

Ndugu yetu alirudi nyumbani kwa miguu, akakaa kwenye kiti, akakataa chakula, na Truphosa anasema hapo ndipo alipoanza kufa, ingawa madaktari wana jina lao. Kikohozi alichokuwa akikidharau kwa miaka mingi kiligeuka damu mwezi wa Julai, akalazwa hospitali kuu ya hapa mjini tarehe 9 Agosti, wakamtibu kifua kikuu, akapata nafuu kidogo mwezi wa Oktoba, kisha akazidiwa, na tarehe 11 Novemba 1959, saa kumi alfajiri, akatuacha, akiwa na umri wa miaka thelathini na minane.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompa usingizi alipokosa hewa, inawashukuru bwana Kipsang na wenzake wa ghalani waliochangia sanduku na kulibeba mabegani, inawashukuru majirani kwa kuni, maji na unga, na inamshukuru mama Mugure, aliyefika jana kutoka rizavu akamwosha Truphosa uso kama mtu wake wa damu. Truphosa na watoto wametakiwa kutoka ndani ya nyumba kabla mwezi haujaisha, wanakwenda nasi Kimilili, ambako marehemu hakujenga hata jiko, Nasimiyu ameshaaga shule, na mtu mwingine kabisa, ambaye si Makokha wala si Gachanja, ameshapewa ufunguo.

Mjane ameomba lisemwe neno moja kwa niaba yake, bila kupambwa. Anasema alitaka mume wake atie sahihi, na hata sasa mbele ya kaburi hili anaona alipaswa kutia sahihi, na amemkasirikia, na atamkasirikia kila mara mvua itakapomnyeshea yeye na watoto katika nyumba ya watu, na anasema pia kwamba akizaliwa tena, na akaambiwa achague kati ya huyu na wanaume wote waliotia sahihi siku ile, atamchagua huyu.

Upumzike kwa amani, Elijah Makokha, hapo hakuna atakayekuja kukutoa.