Dizeli ya Marehemu

Ndani ya basi la Mwingi, Kaluki alikuwa amepakata filta kuukuu ya trekta, na Nyamai, fundi aliyeketi kando yake, hakuweza kunyamaza.

"Injini inasumbuaje, mama?"

"Inakohoa, inatoa moshi mweupe, halafu inazima. Naenda kununua filta mpya."

Nyamai akainusa ile kuukuu kama mtu anayeonja mchuzi wa jirani. "Dizeli imeingia maji. Mwaga yote, uoshe tangi."

"Aliijaza mume wangu asubuhi ya siku aliyofariki. Haimwagwi."

"Na mvua ndiyo hii. Nani anangoja kulimiwa?"

"Kijiji chetu kizima cha Nuu."

"Pole, mama. Lakini marehemu aliijaza ili mlime."

Basi likasimama Mwingi, Kaluki akainuka.

"Basi waombe majirani msamaha, maana hawatalimiwa," akasema Nyamai.

"Siombi," akasema, akashuka na filta yake kwenda kununua mpya.